Mguu au Uhai: Swali Hili Ni la Nani?



Katika vijiji vyetu yako maneno ambayo husemwa kwa sauti ya chini, na mojawapo ni haya: "Madaktari wanataka kumkata mguu." Yakisemwa barazani, watu hunyamaza kidogo, kisha mashauri huanza. Mmoja husema heri mtu afe akiwa mzima. Wa pili husema uhai ni bora kuliko kiungo kimoja. Wa tatu hutaka mgonjwa arudishwe kwanza nyumbani, ajaribiwe dawa nyingine. Naye mwenye mguu mara nyingi yumo chumbani, anasikia yote kupitia ukutani, wala hakuna aliyeingia kumwuliza neno.

Mwezi huu twataka kulitafakari jambo hili pamoja nanyi. Hatuandiki kama waganga, maana sisi si waganga. Twaandika kama majirani wa watu wa Kibiti na wa visiwa vya delta ya Rufiji, Wakristo na Waislamu, ambao huishi mbali na hospitali kubwa, na ambao siku moja, wao au watoto wao, waweza kuulizwa swali hilo. Nasi twauliza: Je, ni haki kumwambia mtu achague kati ya mguu wake na uhai wake? Na kama ni haki, nani hasa apaswa kujibu?

UGONJWA WENYEWE

Uvimbe wa mwilini ni wa namna nyingi, na ulio mwingi hauna hatari. Donge la mafuta chini ya ngozi laweza kukaa miaka 20 bila kumdhuru mtu. Lakini iko kansa moja ambayo waganga huiita sakoma, nayo huota katika nyama laini za mwili, yaani misuli, mafuta, kano na mishipa. Si ugonjwa wa kila siku: kati ya watu wazima 100 wenye kansa, hafikii hata mmoja mwenye kansa hii. Aina zake ni zaidi ya 50. Huweza kuota popote, lakini huonekana zaidi miguuni, na hasa katika paja. Ikiachwa, husafiri kwa njia ya damu, na mahali inapokwenda kwanza mara nyingi ni mapafuni.

Ubaya wake mmoja ni kwamba kwa kawaida haiumi mwanzoni. Jipu huuma, na kwa kuuma kwake hujiombea dawa. Mwenye jipu halali, hali, wala hawaachi wenzake walale mpaka lipasuliwe. Lakini mwenye sakoma huenda shambani, hutupa nyavu, hubeba mzigo, nao uvimbe unakua pamoja naye. Akituonyesha, sisi humwambia, "Kama hauumi, uache." Twatoa shauri hilo kwa nia njema kabisa, kumbe laweza kuwa ndilo shauri baya kuliko yote tuliyopata kumpa.

Waganga wametupa alama chache ambazo hata asiyejua kusoma aweza kuzishika. Uvimbe uliozidi sentimeta 5, ambao ni sawa na urefu wa yai la kuku. Uvimbe unaozidi kukua. Uvimbe ulio ndani kabisa ya nyama, si ule unaocheza chini ya ngozi tu. Uvimbe ulioanza kuuma. Na uvimbe uliowahi kukatwa, ukarudi. Mwenye alama hata moja katika hizi, yafaa achunguzwe. Hatusemi kwamba lazima ana kansa. Wengi watakutwa hawana, nao watarudi nyumbani kwa furaha. Lakini hakuna jicho wala kiganja kinachoweza kulijua hilo bila kipimo.

MTU MMOJA WA DELTA

Tumfikirie mtu mmoja. Si fulani wa kijiji fulani. Tumemwunda kwa ajili ya mfano, lakini mtamtambua. Ana umri wa miaka 35, ana mke na watoto wanne. Kazi yake ni kuvua kamba na kulima mpunga, na mpunga ukianza kuiva hulala katika dungu ili aulinde na wanyama. Siku moja aona uvimbe nyuma ya paja. Adhani alijigonga kwenye mtumbwi. Mkewe amkanda kwa maji ya moto. Jirani mmoja ajuaye dawa ampiga chale. Miezi minne yapita, na lile lililokuwa kama yai limekuwa kama nazi.

Sasa aenda zahanati. Mganga wa zahanati amtazama, asema jambo hili limemzidi, amwandikia barua ya kwenda hospitali. Mganga huyo ametenda vema. Lakini barua si chombo cha kusafiria. Mtu wa kisiwa kama Salale au Kiomboni lazima kwanza angoje maji yajae, apate boti ya Nyamisati, halafu gari la kumfikisha barabara ya lami pale Bungu, halafu Kibiti. Na kutoka Kibiti hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 100 nyingine. Wakati wa masika njia yenyewe huweza kupotea: Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika, ukameza mashamba na nyumba za watu katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na wengi hawakuwa na akili ya kufikiria uvimbe.

Hesabuni basi. Nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji. Chakula cha mjini. Mahali pa kulala kwa ndugu ambaye huenda hamtarajii. Siku za uvuvi zilizopotea, na mpunga ulioachiwa nguruwe. Yote hayo alipe mtu ambaye bado hasikii maumivu! Ndiyo maana barua huchomekwa makutini, nayo hukaa huko mpaka moshi wa jikoni uifanye nyeusi.

Hatimaye maumivu yaja, na barua yatolewa. Afikapo hospitali kubwa, uvimbe umekwisha kuikumbatia mishipa mikuu ya damu na ya fahamu. Daktari asema hakuna njia ila kuuondoa mguu. Na kijijini twasema, "Daktari Fulani alimkata mguu."

Twaomba tulisahihishe neno hilo. Daktari alimaliza tu. Mguu ule ulianza kukatwa siku tuliposema "kama hauumi, uache." Ulikatwa tena siku barua ilipochomekwa makutini, nasi tukajua kwamba nauli haipo, tukapita. Swali la mguu au uhai lilifika kwa mgonjwa likiwa limekwisha kujibiwa nusu na watu wengine, nao watu hao ni sisi.

Lakini tujihadhari tusije tukamwongezea mgonjwa mzigo. Wako watu waliowahi mapema, wakafuata kila walichoambiwa, na bado mguu haukupona, kwa kuwa uvimbe uliota mahali pabaya au ulikuwa wa aina kali. Mgonjwa asiambiwe kamwe, "Ungekuja mapema." Neno hilo halimponyi. Tujiambie sisi wenyewe kabla ya mgonjwa wa pili.

WEMA WA HARAKA

Liko kosa jingine, nalo ni gumu kulisema kwa sababu hutokana na huruma. Mgonjwa amefika hospitali ndogo baada ya safari ya siku mbili. Chumba cha upasuaji kipo, kisu kipo, na mganga ana moyo mwema. Ajisemea, "Mtu huyu ametoka mbali. Nikimwandikia barua nyingine hatafika popote. Afadhali niutoe uvimbe huu leo, aende nyumbani." Hufungua ngozi, huona donge lenye ganda zuri mithili ya chungwa, hulimenya likatoka zima, na kila mtu hushukuru.

Baada ya miezi kadhaa uvimbe warudi, tena kwa nguvu. Sababu ni kwamba ganda lile halikuwa ganda la kweli. Sakoma ikikua husukuma nyama zilizo jirani mpaka zikawa kama utando, na ndani ya utando huo mbegu za ugonjwa zimo. Ni kama mtu anayevunja kichuguu kwa jembe akasawazisha ardhi, huku malkia wa mchwa amebaki chini. Sakoma haimenywi. Hukatwa pamoja na sehemu ya nyama nzima inayoizunguka pande zote, pasipo kuigusa yenyewe. Ikimenywa, kazi ya pili huwa kubwa kuliko ile ya kwanza, na nafasi ya kuuokoa mguu hupungua.

Kwa hiyo katika ugonjwa huu hatua ya kwanza ni kujua, kisha kukata. Huchukuliwa kwanza kinyama kidogo kwa sindano maalumu au kwa mkato mfupi, unaofuata urefu wa mguu, si kuukingama, ili mpasuaji wa baadaye aweze kuliondoa pamoja na uvimbe lile kovu pia. Kinyama hicho hupelekwa maabara. Faida yake si ndogo, maana yako mambo mengine yanayofanana na sakoma kwa nje ambayo hayatibiwi kwa kisu kwanza: jipu baridi la kifua kikuu, kansa za matezi, na hata sakoma ya Kaposi, inayojulikana sana Afrika Mashariki, ambayo zaidi hutibiwa kwa dawa.

Hapa pana fundisho la maadili ambalo si la waganga peke yao. Tumezoea kudhani kwamba wema ni kutenda, na kwamba asiyetenda hana huruma. Lakini mara nyingine huruma ya kweli ni kuuzuia mkono. Mganga anayesema, "Ninaweza kuukata, lakini sitaukata leo," aweza kuwa amempenda mgonjwa kuliko yule anayekata. Nasi ndugu wa mgonjwa twapaswa kumsaidia mganga huyo, tusimlaumu kwa kusema, "Tumekuja mbali wote hawa, nawe huna la kufanya!" Mara ngapi lawama zetu ndizo zilizomsukuma mtu kushika kisu?

Hatusemi kwamba hospitali ndogo hazina kazi. Wazee wa Kanisa letu wanalikumbuka jina la Daktari Leader Stirling, aliyekuja na misheni ya UMCA katika nchi ya Masasi mwaka 1935, akapasua wagonjwa kwa miaka mingi huko Lulindi katika majengo ya udongo na nyasi, na ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa nchi yetu toka 1975 hadi 1980. Baada yake, Madaktari Wasaidizi, ambao nchi ilianza kuwafunza mwaka 1963, walibeba sehemu kubwa ya upasuaji katika wilaya zetu. Umaskini wa vifaa haukuwazuia kuokoa watu. Hospitali ndogo yaweza kuchukua kinyama kwa uangalifu, kuandika barua inayosomeka, kupiga simu mbele ili mgonjwa apokelewe, na, uvimbe ukiwa umepasuka na kutoka damu, yaweza kuukata mguu kwa usalama. Heshima yake ni kujua lipi ni la leo hapa, na lipi ni la kesho pengine.

JAMBO LILILOGUNDULIKA MWAKA 1982

Zamani waganga wa nchi tajiri nao walikata. Sakoma ya paja ilikuwa na maana ya kuondoa mguu, na hakuna aliyehoji. Ndipo waganga wa Taasisi ya Taifa ya Kansa ya Marekani wakafanya jaribio, wakatoa habari zake mwaka 1982. Wagonjwa walikuwa 43 wenye sakoma za mikono na miguu. Kwa njia ya kura, 16 waliondolewa kiungo, na 27 waliondolewa uvimbe tu kwa upasuaji wa uangalifu, wakaachiwa kiungo, kisha wakapewa mionzi. Wote walipewa pia dawa za kansa. Walipofuatwa kwa miaka, ilionekana kwamba waliobaki na viungo vyao waliishi kama wale waliokatwa, ingawa kwa wachache kati yao uvimbe ulirudi mahali pale pale.

Habari hii ni njema, lakini tutazame ilivyobadilisha swali letu. Kabla yake, mguu au uhai lilikuwa swali lililoletwa na ugonjwa wenyewe. Tangu hapo, kwa wagonjwa walio wengi, limekuwa swali linaloletwa na mahali mtu anapoishi na siku anayofika. Mwenye uvimbe mdogo, aliye karibu na mpasuaji mzoefu na mashine ya mionzi, huweza kubaki na vyote viwili. Mwenye uvimbe ule ule katika kijiji cha mikoko huambiwa achague. Nchini mwetu mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1996 katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na pia huko Bugando, Mwanza. Mtu wa delta ana bahati kuliko watu wa mikoa mingi, kwa kuwa Ocean Road haiko mbali naye kama ilivyo mbali na mtu wa Kigoma. Kinachomtenga nayo ni nauli, maji, woga, na kukosa mtu wa kumshika mkono. Hayo si makuu kama bahari. Sehemu yake tunaiweza.

JE, HUYU MMOJA ASTAHILI?

Yuko atakayetuuliza, naye hatumdharau: "Mwasema ugonjwa huu ni adimu. Delta ina malaria, ina akina mama wanaojifungulia njiani, ina watoto wanaokosa maji safi. Kwa nini tutumie fedha kwa ajili ya mmoja mwenye uvimbe?"

Hoja hii ina uzito. Mwenye shilingi chache hana budi kuzigawa kwa busara, na Serikali hufanya haki ikitanguliza chandarua na chanjo. Kama tungekuwa twaomba mashine ya mionzi pale Kibiti, tungekuwa twaomba jambo lisilofaa. Lakini hatuombi hivyo. Twaomba uvimbe uonwe mapema, mtu apewe nauli na msindikizaji, na asikatwe ovyo. Mambo haya hayamnyang'anyi mtoto yeyote chandarua chake. Na tena mguu uliopotea haupotei peke yake. Mtoto mkubwa huacha shule ili avue mahali pa baba yake. Shamba huuzwa. Fedha zilizokwepwa mwanzoni hulipwa mwishoni, tena mara nyingi zaidi.

Na hata kama zisingelipwa, yafaa tukumbuke kwamba hesabu ya wengi ni kazi ya anayegawa bajeti. Jirani hana bajeti. Ana mtu mmoja aliye mbele yake. Yule Msamaria wa Injili hakuuliza ni wangapi wengine wamelala njia ya Yeriko siku ile. Alimpandisha huyu aliyemwona juu ya mnyama wake, akalipa gharama.

NANI AJIBU?

Tuseme sasa yote yamefanyika, na bado daktari amesema mguu uondolewe. Nani aamue? Desturi yetu ni kuwaita wazee, na mgonjwa aambiwe mwisho, tena nusunusu, eti asivunjike moyo. Twaifahamu nia yake. Lakini twaona si haki. Mwili ni amana aliyopewa yeye, si sisi. Yafaa aambiwe kwanza yeye, akiwa ameketi pamoja na mtu anayemchagua mwenyewe, kwa lugha anayoielewa: huu ni ugonjwa gani, umefika wapi, mguu ukiondolewa kuna tumaini gani, usipoondolewa kitafuata nini. Kama ugonjwa umekwisha kufika mapafuni, aambiwe kwamba kukata kwaweza kumwondolea kidonda na maumivu, lakini huenda kusimponye. Baada ya hapo wazee na washauri. Shauri ni zawadi kwake. Lisiwe amri.

Naye daktari wa mjini apaswa kusikiliza mguu una maana gani kwa mtu huyu. Mtu wa ofisini akiondolewa mguu hurudi kwenye meza yake. Mtu wa delta hushuka mtumbwini na kukanyaga tope lifikalo gotini. Huvuta nyavu akiwa amesimama. Akisita, si mjinga. Anafanya hesabu ambayo daktari hakuifanya.

Je, akikataa kabisa? Twasema kwa uchungu: asilazimishwe, wala asihukumiwe kwamba amejiua. Aachiwe mlango wazi, maana wengi hukataa leo na kukubali juma lijalo walipokwisha kulia. Na akibaki katika kukataa kwake, aoshwe kidonda, apewe dawa ya maumivu, na atembelewe. Tumewaona watu waliokatwa kwanza na marafiki kabla ya kukatwa na kisu, kwa sababu kidonda kilinuka.

Wako pia wanaoogopa kwamba aliyezikwa bila mguu atafufuka kilema. Ndugu, anayeweza kuwafufua waliozama baharini na kuliwa na samaki hatashindwa na mguu mmoja. Yakobo aliondoka Penieli akichechemea, naye ndiye aliyebarikiwa. Hofu hiyo isimzuie mtu kuishi.

BAADA YA KISU

Akirudi kijijini kwa magongo, kazi yetu haijaisha. Pengine ndiyo inaanza. Miguu ya bandia ipo. Pale KCMC, Moshi, tangu mwaka 1981 kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo vya bandia na vifaa vya kutembelea, nacho kimefunza watu wa nchi nyingi za Afrika. Lakini mguu wa bandia hautaki tope la chumvi, na huhitaji fundi kila mara. Kwa hiyo tumsaidie kupata kazi ambayo haiutegemei mguu: kushona nyavu, kuunda mitumbwi, kuuza duka, kuandika vitabu vya ushirika wa wavuvi. Asiombwe akae tu apokee sadaka, kama kwamba mkono na akili vilikatwa pamoja na mguu. Tena tumkumbushe kurudi kupimwa kifua, maana sakoma yaweza kurudi hata miaka kadhaa ikipita, na ikionekana mapema mapafuni mara nyingine hutibika.

TUFANYE NINI?

Wale wanne wa Kapernaumu waliombeba mwenye kupooza hawakuwa waganga. Hawakumponya, wala hawakujaribu. Kazi yao ilikuwa kumfikisha, na walipoona mlango umezibwa na watu, wakapanda darini. Sisi nasi hatuitwi kuponya sakoma. Twaitwa kubeba. Basi twapendekeza mambo manne, yasiyo makubwa.

Kwanza, kila jumuiya izijue zile alama za uvimbe, na akina mama wazijue zaidi, kwa kuwa wao ndio waoshao na kukanda. Pili, tuwe na mfuko mdogo wa nauli usioulizwa dini ya mgonjwa, na fedha zake zisiguswe kwa sherehe. Tatu, mtu akipewa barua ya hospitali, achaguliwe mara moja mmoja wetu wa kwenda naye, anayejua njia na asiyeogopa kuuliza maswali ofisini. Barua isilale makutini hata bamvua moja ikapita. Nne, tuheshimu waganga wetu wa zahanati wanaposema "hili limenizidi". Neno hilo ni la ujasiri, nao wanaolisema wanastahili shukrani.

Tuliuliza kama ni haki kumwambia mtu achague kati ya mguu na uhai. Twajibu hivi. Ni haki pale tu ambapo sisi wengine tumekwisha kufanya yaliyokuwa yetu, na ugonjwa peke yake ndio uliobakiza swali hilo. Hapo ajibu mwenyewe, nasi tuwe upande wake kwa jibu lolote. Lakini pale ambapo swali limetokana na uzembe wetu, kwanza tuombe msamaha, halafu twende tukamtazame jirani aliye karibu. Huenda hata sasa yuko mmoja, amekaa barazani na kitambaa juu ya paja, naye hajatuambia kwa sababu hauumi.